Nahashon Muoki na Lori Lililokosa Nguvu

Tangu Jumanne ya tarehe 3 Juni 2025, injini zikiwashwa pale gereji ya Mbotela hakuna anayeinua mkono kuwanyamazisha watu ili asikilize. Kelele zimejaa, na bado pana ukimya.

Marehemu Nahashon Muoki alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Zombe, Kitui, mtoto wa tatu wa Mzee Nzivo na Mama Mukai. Alisoma hapo Zombe hadi darasa la saba. Mwaka 1977 aliingia jeshini, akafunzwa ufundi wa malori, akastaafu mwaka 1998 na kufungua gereji Mbotela, Nairobi. Tarehe 10 Desemba 1983 alifunga ndoa na Kamene, aliyemkubali akijua kwamba shati jeupe halingemaliza wiki katika nyumba ile.

Oktoba 2023 aligunduliwa kuwa na saratani ya koo. Februari iliyofuata, Abukar, mfanyabiashara wa Pumwani, alimletea tena lori lake kuukuu la jeshi. Lilikosa nguvu. Marehemu alikuwa amesema pampu ya dizeli imechakaa. Ikabadilishwa, na lori bado halikupanda mlima.

"Mzee, limenishinda. Jumamosi wakata vyuma wanalichukua walikatekate wauze chakavu."

"Nipe siku mbili."

"Na wewe mgonjwa hivi?"

"Injini haijui kama naumwa."

Alikataza injini isifunguliwe. Akakagua chujio la hewa, kisha la dizeli, kisha kama kanyagio la mafuta linavuta hadi mwisho. Vyote vizima. Akaliendesha likiwa na mzigo: dakika kumi lilivuta vizuri, kisha likalegea. Likapumzika, likapata nguvu tena. "Kilichochakaa hakiponi kwa kulala," akasema kwa sauti iliyokwisha kukwaruzwa na ugonjwa. "Hili linanyimwa kitu."

Safari ya pili, lilipolegea tu, akafungua kifuniko cha tangi. Hewa ikaingia kwa kishindo. Tundu la kupumulia lilikuwa limezibwa kwa raba ya tyubu, kwa hiyo hewa haikuingia kujaza nafasi ya dizeli iliyotumika, na dizeli ikashindwa kutoka. Raba hiyo aliiweka yeye mwenyewe mwaka uliotangulia, mafuta yasimwagike barabarani.

Akaita gereji nzima. "Abukar, pampu ile uliinunua bure. Kosa ni langu."

"Si ungenyamaza tu, buda," akasema fundi mwenzake, Sylvance.

"Ninyamaze, halafu kesho wewe uzibe tangi la mwingine vilevile?"

Abukar akacheka hadi akashika kiuno. Ijumaa lori lilipanda mlima wa Limuru likiwa limejaa, na wakata vyuma wakaambiwa wasije.

Alifanya kazi hadi Aprili mwaka huu. Alifariki nyumbani Mbotela Jumanne hiyo ya tarehe 3 Juni, saa saba mchana, Kamene akiwa amemshika mkono.

Ameacha mjane, Kamene. Watoto, Wanza, Mativo na Owen. Dada yake, Kaluki. Na wajukuu watano. Mungu ampe usingizi wa amani.

Leo, Jumamosi tarehe 14 Juni, analazwa hapa Zombe, kushoto kwa kaburi la mama yake.