Ruta ya Kumzuia Sostenes

Jumapili ile kaka yangu Sabiti hakuingia kwenye gemu letu la simu, nikalaumu mtandao. Kumbe duara, shimo la wachimba dhahabu wa Rwamgasa, lilikuwa limemfukia.

Mwezi uliofuata nilipanda Hiace kwenda kuchukua vitu vyake. Mbele yangu mama aliyepakata ruta mpya ya intaneti alikuwa akibishana na kijana fundi simu.

“Mama, kuta zako ni za mabati?”

“Mabati mpaka mlango.”

“Basi gemu la mwanao litaganda tu. Bati linazuia mtandao. Itundike nje, iuone mnara.”

“Nje? Rwamgasa hii? Sufuria wanaiba ikiwa inachemka!”

Abiria tulicheka. Yeye hakucheka. “Gemu likiganda, Sostenes wangu anatupa simu, anafuata wenzake duarani. Likienda vizuri anakaa ndani.”

“Sasa ruta ndiyo imlee, mama?”

“Haya, nitajie wewe kingine kitakachomzuia.”

Fundi, aliyekuwa na jibu la kila kitu tangu Geita, alirudi kwenye hoja ya mabati.

Gari liliposimama Rwamgasa walikuwa bado wanabishana. Duara lililomfukia kaka yangu limefunguliwa tena, na vijana wanashuka kila asubuhi.