Nilikuwa Nawaombea Nguvu Askari Wasiofaa

Bwana asifiwe! Na ninyi wa Ipililo mliofika, mwadila mayu, mwadila baba!

Ndugu zangu, binti yangu Kabula alizaliwa na selimundu, ule ugonjwa wa damu. Mwaka juzi tulipelekwa hospitali kubwa, mbali na Bariadi hapa, akawekewa uboho wa dada yake. Nikacheza wodini! Nikajua tumemaliza.

Hatukumaliza. Wiki chache baadaye ngozi yake ikawa nyekundu, viganja vikachubuka. Akaharisha damu. Dawa alizopewa zikashindwa. Mimi mjuaji nikasema kinga imeshuka, nikaomba kwa sauti: "Bwana, ongeza askari mwilini! Bwana, wapigane!" Tena nilikuwa na dawa ya miti shamba ya kuongeza kinga, naitia kwenye chupa ya uji kwa siri.

Daktari akaniita. "Mama, kinga haijapungua. Imezidi. Askari waliotoka kwa dada yake wanamwona Kabula ni adui."

Nikamwuliza, "Yaani walinzi wa sungusungu, tena wageni, wameingia, wanampiga mwenye nyumba?"

"Ndiyo hivyo hivyo, mama."

Ndugu zangu! Kumbe nilikuwa nawaombea nguvu wanaomuua mwanangu! Nikaleta ile chupa, nikaiweka mezani, nikakiri. Hakunigombeza, aliniambia tu niiache kabisa. Kisha akasema zipo seli shina, zimekuzwa maabara kutoka uboho wa mtu mwingine. Hizo hazipigani; kazi yake ni kuwatuliza askari. Lakini si kila mwili unaitikia. Nikatia sahihi.

Zikaingia kwenye mshipa, kamfuko kadogo tu. Nami nikabadili maombi: "Bwana, watulize." Basi, hayo tu. Siku ya tatu, hakuna kitu. Ya sita, bado anaharisha damu. Nilimkasirikia Mungu, nasema kweli! Wakamwekea mfuko wa pili. Siku ya kumi na moja Kabula akafumbua macho, akasema, "Mayu, nina njaa."

Nililia mpaka muuguzi akaja mbio akidhani mtoto amekufa.

Asante Yesu! Asante kwa daktari yule na mikono yake! Nawe uliyeketi hapa unamficha daktari wako kitu, kitoe leo. Mungu haogopi ukweli wako, mtegemee.

Kabula, mwanangu, njoo mbele, waonyeshe viganja. Ndugu zangu, mpeni mkono mmoja mmoja. Taratibu tu, ngozi yake bado ni laini.