Nilikula Nikitazama Ukuta

Mwenyekiti, wazee wangu, akina mama na vijana wa chama chetu cha kusaidiana. Waislamu asalaam aleikum, Wakristo Bwana asifiwe, na aliyebaki na mambo ya babu zake naye mwangaluka. Haya nimeyaandika kwa mkono wangu, mkono wa darasa la pili, ili nisije nikarukaruka. Nikikwama kusoma msinisaidie, nitajikwamua mwenyewe kama nilivyozoea.

Mnanijua. Ni mimi ninayesaga ule unga wa mlonge na ubuyu mnaowatilia watoto kwenye uji, hapa Katoro mpaka Geita, mpaka kule Samuye. Sikurithi kitu. Mashine nimenunua mimi, nyumba ya bati nimejenga mimi, na bwana shamba mwenye vyeti vyake huwa anakuja kuniuliza nakausha vipi majani yasipoteze rangi. Najisifu, ndiyo. Asiye na wa kumsifu hujisifu mwenyewe.

Lakini ndugu zangu, nawaambia jambo mnalolijua nyote na ambalo hakuna anayelisema mbele yangu. Unga wangu mnakula, ila nyumbani kwangu hamli. Mtu akifuata mfuko wake anasimama mlangoni. Nikimwambia karibu chakula, ananijibu, "Ahsante Baba, nimeshiba." Mmeshiba nyote, miaka nenda miaka rudi. Mnasema yule ana ndagu. Leo nitawaambia ukweli wa ndagu hiyo, halafu mtaamua wenyewe.

Nilikuwa mchimbaji. Miaka ile sukari ilikuwa ya foleni na sabuni ya kusikia tu, mimi nilikuwa na duara langu porini huko Geita, shimo refu lisilotoa kitu. Wenzangu wakanipeleka kwa fundi, mganga wa machimboni. Wachimbaji mnaelewa, na asiyeelewa namwambia: ndagu ni dawa ya mali, na bei yake ni miiko. Mwingine hukatazwa kuoga, mwingine hukatazwa viatu. Mimi niliambiwa, "Usile kitu cha kijani. Usinywe maziwa. Na usile mbele ya macho ya mtu yeyote. Siku jicho la mtu litakapoona tonge lako, utaanguka hapo hapo."

Baada ya muda mfupi dhahabu ikatoka. Labda ingetoka tu, mwamba ulikuwa umeshakaribia. Lakini nani angenishawishi? Nikawa nakula ugali na chumvi, mara dagaa wakavu, nimejifungia, uso ukutani. Mke wangu alikuwa anaweka sahani mlangoni kama anamlisha mbwa mkali. Alivumilia. Siku moja akamfunga mtoto mgongoni, akasimama uani na kusema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mwanamume asiyekula na mtu, anamla nani?" Akaenda zake kwao Samuye. Alikuwa anamhofia mtoto, asije akawa kafara ya ndagu yangu. Sikumlaumu wakati ule kwa sababu nilikuwa na dhahabu, na sasa simlaumu kwa sababu nina akili.

Hapo ndipo nilipouonja upweke, jamani. Kambini watu mia, na mimi sina wa kuniambia hata pole. Wakipakua, nanyanyuka. Wakicheka, nadhani wananicheka mimi. Mwili nao ukaanza kunidai. Fizi zikavimba zikawa zinatoka damu, miguu ikaota madoa meusi kama mtu aliyepigwa, kupanda ngazi ya shimo nikawa nasimama katikati kupumua. Dhahabu ninayo, na mate yangu yana ladha ya damu. Kambini wakasema, "Malipo yameanza." Nami nikaamini.

Nikapanda lori kwenda Shinyanga, hospitali. Nilipofika mjini njaa ikanibana. Nikanunua mkate kwenye duka moja la Mhindi, nikaenda pembeni ya kibaraza, nikageukia ukuta, nikawa naulowanisha kwa maji ili niweze kuumeza. Nyuma yangu nikasikia Kisukuma safi kuliko changu.

"Ng'wana wane, mwanangu, mkate umelipia. Mbona unakula kama umeiba?"

Nikageuka. Bibi wa Kihindi, mwembamba, sari nyeupe ya mjane. Alizaliwa Shinyanga na akazeekea Shinyanga. Watoto wake walikuwa wameshahamia ng'ambo mmoja mmoja, yeye akabaki na duka lenye rafu tupu. Nikauficha mkate. Akaniambia nifungue kinywa. Sijui kwa nini nilimtii.

"Hospitali nenda leo," akasema. "Ukitoka, rudi hapa. Hiyo fizi inalia njaa."

Nikaenda. Daktari naye akaniuliza mara ya mwisho nimekula mboga lini, tunda lini. Nikamwambia sikumbuki. Akanipa vidonge vichache vilivyokuwepo, akasema dawa nyingine imeadimika, nikatafute matunda. Nikarudi kwa bibi. Nikamkuta ametandika mkeka, sahani mbili. Wali uliopikwa pamoja na choroko na manjano mpaka ukalainika kama uji, samli juu, na majani ya mlonge, ya kijani kabisa.

"Bibi, mimi nina miiko," nikamwambia, na nikamweleza yote.

"Hata mimi ninayo. Nyama sili. Yai sili. Kuna siku nafunga mpaka mwezi utoke. Mimi alinipa mama yangu. Wewe alikupa nani?"

"Fundi."

"Na yeye huyo fundi, anakula na nani?"

Nikafikiri. "Na wake zake. Na wageni. Kwake kuna watu wengi."

"Mnene?"

"Mnene, bibi."

Akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi sikucheka. Nilirudi nyuma mpaka ukingo wa mkeka, ndugu zangu, mtu mzima mwenye ndevu. Kwao hawachangii chombo kimoja, kila mtu na sahani yake, lakini alikaa mbele yangu ana kwa ana na hakugusa chakula chake. "Ninakutazama," akasema. "Ukifa, nitakuzika. Usipokula utakufa vilevile, na mimi nitakuwa nimekula peke yangu tena."

Nikala. Lile tonge la kwanza nilimeza nimefumba macho, nikisubiri kuanguka. Sikuanguka. Nikafumbua macho, nikamkuta naye anatafuna, machozi yanamtoka. Akasema ni pilipili. Kwenye kile chakula hapakuwa na pilipili.

Nilikaa kwenye stoo yake hadi nikapona. Asubuhi alinipa kijiko cha kitu kizito cheusi, kitamu na kichachu. Kwa mababu zake hutengenezwa kwa tunda la Kihindi liitwalo amla. "Hapa halipo," akasema, "lakini ubuyu ni ndugu yake." Basi alitumia ubuyu, ukwaju, sukari guru, tangawizi, iliki na samli. Jioni maziwa ya moto yenye manjano. Fizi zikafunga, madoa yakafutika, nikawa nabeba magunia yake na kuimba. Elimu ile ni ya vizazi kwa vizazi, naye alinipa bure: majani yakaushie kivulini, ubuyu usiuchemshe.

Nilipomwambia nitauza dawa hii machimboni, alinikatalia. "Ukiita dawa, watasubiri waugue. Iite chakula." Ndiyo maana hadi leo siwadanganyi. Unga wangu hautibu malaria. Anayekohoa damu aende hospitali, na uji anywe akirudi.

Baadaye mwanawe akaja kumchukua. Nilimbebea sanduku hadi stesheni. Treni ilipoondoka nikarudi kibarazani kwake, mlango una kufuli, nikakaa pale hadi jua likazama, sina pa kwenda, maana kambini sikutaka kurudi tena. Mke wangu nilimfuata Samuye nikamkuta ameolewa. Mumewe ni mtu mwema. Nasema hivyo na inaniuma.

Sasa ninashukuru. Namshukuru bibi yule, popote alipo, hai au marehemu. Namshukuru daktari aliyeniuliza juu ya mboga. Namshukuru hata mke wangu, kwa kumwokoa mtoto na baba wa namna ile. Na somo langu ni hili: mlonge una nguvu, ubuyu una nguvu, manjano yana nguvu, mimi ndiye shahidi. Lakini mnunulie mtu mifuko kumi umwache ale peke yake, atakonda tu.

Nimemaliza kusoma. Nyumba yangu mnaijua, ni hatua chache kutoka hapa. Tangu asubuhi nimepika wali na choroko, na kuku kwa asiyeridhika na majani. Sinia ni moja, kubwa, nimeliweka uani, si ndani, ili kila anayepita aone. Maji ya kunawa yapo. Nitatangulia, nitakaa, nitakula tonge la kwanza mbele ya macho ya wote, halafu nitaacha mkono wangu hapo kwenye sinia na kungoja.