Mashine Haipokei Isale

Mheshimiwa mgeni rasmi, Bwana Godwin meneja wa maabara yetu, viongozi wa vikundi vya wakulima wa kahawa, ndugu wageni waalikwa, na ninyi wazee wangu mlioteremka kutoka Uru na Old Moshi, shikamooni.

Nimeambiwa niseme maneno matamu kwa kuwa nastaafu. Sina. Miaka kumi na mmoja nimeihudumia mashine ya LC-MS, ile inayotenganisha vilivyomo ndani ya kimiminika na kuvipima kimoja kimoja, hata mabaki ya dawa ya wadudu yasiyoonekana kwa macho. Na miaka yote hiyo nimeimba wimbo ule ule: mkileta uchafu, itasoma uchafu. Je, nimeeleweka? Yupo aliyeniletea buni ndani ya chupa ya dawa, akaapa kwamba ameisuuza mara tatu.

Mwezi wa tatu, buni ya kikundi cha Mzee Remigius wa Uru, ambayo mnunuzi aliitaka kwa sababu haipigwi dawa, ilikutwa na dawa. Mzee alikana. Nikamwambia alete sampuli nyingine. Akaleta, na katikati ya buni kulikuwa na jani bichi la isale. Wageni wa mbali, kwetu Uchaggani ukimkosea mtu unampelekea isale, naye hawezi kukunyima msamaha.

"Nimeiletea mashine," akaniambia, "pengine imenikasirikia."

Jani lenyewe alilichuma mpakani, pale jirani anapopulizia nyanya zake. Mashine ikasoma dawa zaidi ya mwanzo. Nilimfokea. Nilimfokea mzee wa miaka sabini na nane mbele ya watu mapokezi, na jambo hilo linanichoma mpaka leo.

Maana nilipotulia nilijiuliza: yule mzee alikuwa akiomba msamaha kwa kosa gani? Nikafungua kumbukumbu. Sampuli yake ya kwanza ilipitishwa mara tu baada ya nyanya zilizojaa dawa, bila kuisafisha mashine, kwa kuwa tulihimizwa tumalize sampuli arobaini kwa siku. Aliyeipitisha ni mimi. Nikapanda Uru, nikachota buni kwa mkono wangu, nikaisafisha mashine, nikapima upya. Haikuonekana dawa yoyote.

Ripoti hiyo iko mezani kwa Meneja, wiki ya tatu sasa. Nimejibiwa kwamba tukikiri kosa tutaonekanaje, tusubiri sherehe ipite. Mnunuzi anasubiri mpaka kesho Ijumaa, basi. Kikundi kizima kikose soko ili sisi tusione haya?

Bwana Godwin, asante kwa jiko la gesi mlilonizawadia, ni zuri. Nakala ya ripoti hii hapa, kalamu hii hapa, na Mzee Remigius amekaa safu ya tatu.

Ndugu zangu, asanteni kwa kunitegea sikio na kunivumilia. Nimeshaongea na akina mama wa jikoni: mtori hautapakuliwa mpaka Meneja atie sahihi.