Wasifu wa Babu, Aliyezikwa Uso Tu

Kwa majonzi mazito, familia ya duka la viatu inatangaza kifo cha Babu, mfumo wa kompyuta uliouza viatu vyetu mtandaoni, kilichotokea leo Jumatatu, tarehe 3 Juni 2024, saa tatu na dakika kumi asubuhi, kwa kuzimwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 2009, juu ya meza yenye mguu mbovu, chumba cha nyuma. Shule hakumaliza. Alichokijua alifundishwa na Fundi wa kompyuta, kidogo kidogo, na kingi alikisahau.

Alifunga ndoa mapema. Sehemu yake ya mbele, wateja walikochagulia viatu, na ya nyuma, iliyojua ghala lina nini na oda ziende wapi, zilishonwa pamoja bila nafasi ya kupumua: huyu akikohoa, yule anapaliwa. Mwaka 2017 binti wa matangazo alibadilisha kitufe cha "Nunua" kutoka buluu kuwa chungwa. Ghalani, mashine ya lebo, inayochapa lebo kila oda ikiingia, ikatapika lebo mia nne za kandambili ambazo hakuna aliyeziagiza.

"Nani kagusa rangi?" aliuliza Mama Ghala, lebo zikimfika magotini.

"Mimi, mama. Kidogo tu."

"Haya, njoo uziokote kidogo tu."

Mwaka jana ugonjwa ulimzidi. Fundi alishauri apasuliwe: uso mpya ujengwe peke yake, nyuma ibaki ilivyo, na katikati awekwe mjumbe wa kupeleka oda na kurudisha majibu. Meneja alikubali kwa shingo upande.

"Siku ya kumzima, ikifika saa sita mchana hakuna oda iliyopita, mzee anarudi, na wewe Fundi unafungasha."

Mama Ghala, aliyekula chakula cha mchana na Fundi miaka kumi na mitano, wiki nzima kabla ya leo hakumaliza sahani.

Marehemu ameacha mjane, yaani ghala. Fundi, mlezi wake. Mashine ya lebo. Na kiwiliwili chake mwenyewe, ile sehemu ya nyuma, ambacho hakikupewa ruhusa ya kuhudhuria mazishi kwa kuwa kiko kazini.

Hapo Mama Ghala, aliyekuwa akisoma, alikunja karatasi na kutazama saa. Zilibaki dakika nne kufika saa sita, na oda hata moja haijapita. Fundi alisimama kando ya makasha, begi begani tayari.

"Pumzika, mzee wetu, umetuchosha vya kutosha," alimalizia. "Kama kuna neno umebakiza, sema."

Mashine ya lebo ikakwaruza, ikatoa kipande kimoja: "Kandambili, jozi moja, namba 39."