Dirisha Lililozibwa la Nyumba ya Kasisi

Benchi letu liko mbele ya duka la kijiji chetu, Harlestoke, linatazamana na nyumba ya kasisi ng'ambo ya barabara. Asubuhi hiyo baridi ilikuwa ya kukata masikio, na kwenye ua wa nyumba dayosisi ilikuwa imechomeka bango: INAUZWA. Tulikuwa tunapokezana chupa moja ya kahawa: mimi pamoja na Wilfred, tunayemwita Kengele kwa kuwa ndiye mpiga kengele wa kanisa, Clive Matofali, mwashi mstaafu, na Enid, yaani Bi Maua, mpambaji wa madhabahu.

— Hawaiuzi! — Kengele akafoka. — Miaka mia tatu makasisi wanaishi pale!

— Miaka hiyo ni ya sura ya mbele tu, — akasema Matofali. — Zunguka nyuma uone mbao na udongo, vya zamani zaidi. Kasisi mmoja alioa tajiri, akaivika nyumba koti la matofali.

— Na lile dirisha la juu lililozibwa? — nikauliza.

— Kodi, bwana. Zamani serikali ilitoza kila dirisha. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inaingilia wapi?

— Mlangoni. Dirisha si limezibwa!

Bi Maua akasonya.

— Kodi wapi! Binti wa kasisi alikuwa akimpungia mkono mhunzi. Baba akaziba.

— Akamzibia binti humo humo, — Kengele akadakia. — Nikipiga kengele, namsikia anaitikia.

— Hao ni njiwa, we mzee!

— Njiwa gani anaimba sauti ya pili?

Tulikuwa bado tunacheka alipotokea Rowena, kasisi wetu mpya, amevaa makoti mawili, anaburura gunia la kuni.

— Mchungaji, usihofu, — Kengele akamwambia. — Tutaipigania nyumba yako!

Rowena akalitua gunia.

— Ni mimi niliyewaomba waiuze.

Akaigeukia nyumba.

— Vyumba vyote vile, na mimi nalala jikoni kando ya jiko. Paa linavuja. Giza likiingia, nasikia pumzi zangu mwenyewe. Hivi, mara ya mwisho nani kati yenu aliingia ndani?

Bi Maua akatazama viatu vyake. Nyumba nzima tuliijua kutokea benchini.

Kengele akainuka taratibu, akashika gunia upande mmoja.

— Jikoni kwako tutaenea?

— Mkibanana.

Tukavuka barabara.