Fundi Uwesu Aliyekaza Nati Gari Likiwa Chini

Wasikilizaji wapendwa, aliyetutoka ni fundi Uwesu Zaidi wa Ihumwa. Alikuwa na umri wa miaka sitini na minne. Alifariki usingizini, katika chumba kilicho nyuma ya gereji yake, na aliyegundua ni jirani. Tunarudia: Uwesu Zaidi, fundi magari, Ihumwa. Msibani ilisemwa kwamba hakuwa na adui. Msibani husemwa hivyo kwa kila marehemu. Sisi tutatosheka na yale tuliyoelezwa na waliomjua, nao ni wachache.

Alizaliwa katika vilima vya Kondoa, mtoto wa mkulima wa ulezi. Alijifunza ufundi Dodoma, akabaki Dodoma. Mkewe, Mwanne, alibaki Kondoa kulima na kumlea binti yao wa pekee, Sabrina. Uwesu alikwenda kwao mara moja kwa mwezi. Baadaye, mara moja kwa miezi miwili.

Kazi yake ilikuwa bushi. Kwa asiyejua: bushi ni pete nene ya mpira yenye bomba la chuma katikati. Hukaa pale ambapo mkono wa chini unaoshika gurudumu unaungana na bodi ya gari. Ikichoka, gari hugonga kila penye tuta na kuyumba kila penye kona. Mafundi wengi huichoma ya zamani kwa moto ili itoke upesi. Uwesu hakuchoma. Aliikata taratibu kwa msumeno, akasafisha kutu, akapaka maji ya sabuni, kisha akaisukuma mpya kwa presi, mashine ya kugandamiza. Oili hakuipaka, kwa kuwa oili hula mpira.

Lakini kilichomtambulisha ni hatua ya mwisho. Wengi hukaza nati gari likiwa juu ya jeki, magurudumu yakining'inia. Gari likishuka, mpira unabaki umesokotwa, na baada ya miezi michache unachanika. Uwesu alilishusha gari kwanza, akawaketisha ndani watu ambao kwa kawaida hulipanda, ndipo akaingia chini kwa tumbo na kukaza. Kila mteja aliulizwa swali lile lile: huwa unapanda na nani? Watumishi wa wizara za Mtumba, ambao wake na waume zao walikuwa Dar es Salaam au Mwanza, walijibu kwamba hupanda peke yao. Uwesu hakuwapa pole. Alikaza kwa uzito wa mtu mmoja.

Sasa tufike kwenye siku inayofanya maisha haya yasimulike. Ni miaka sita iliyopita. Saa tatu asubuhi, Uwesu alipigiwa simu kwamba Mwanne amefariki ghafla, na maziko ni baada ya sala ya alasiri. Kutoka Ihumwa hadi Kondoa ni mwendo wa saa tatu hivi. Muda ulikuwepo. Lakini gari la mtumishi mmoja, Octavian, lilikuwa limeshushwa na nati hazijakazwa. Octavian alikuwa kikaoni Mtumba, simu imezimwa, na jioni ile alikuwa asafiri na watoto wake.

Fundi mwenzake, Matonya, alimwambia aende, gari angelimaliza yeye. "Aliweka spana chini," anasema Matonya. "Aligeuza ndoo, akaikalia, akangoja mwenye gari."

Octavian alifika saa nane. Uwesu alimketisha, akamuuliza uzito wa watoto, akaweka vyuma kiti cha nyuma kwa makadirio hayo, akakaza. Hakutaja msiba. Octavian alipata habari wiki mbili baadaye. "Angeniambia tu," anasema. "Ningesafiri kesho yake."

Uwesu alifika Kondoa saa kumi na moja na nusu. Kaburi lilikuwa limeshafukiwa. Sabrina alimwamkia, maana malezi ni malezi, kisha akasema, "Baba, umemkosa mama kwa sababu ya gari la mtu." Uwesu akajibu, "Ndiyo."

Tangu siku hiyo Sabrina, ambaye ni mwalimu Haneti, hakukanyaga gereji. Shaaban, mdogo wake Uwesu, ana maelezo yake: "Kaka aliogopa kaburi. Gari lilikuwa kisingizio." Hatukuwa na njia ya kuthibitisha hilo.

Mwaka huu, mwezi wa Mei, Uwesu alilitengeneza gari lake mwenyewe, Carina nyeupe iliyokaa miaka mingi ikichakaa kando ya ukuta. Aliweka bushi mpya zote. Akaishusha, akaacha nati zikiwa zimeshikwa kwa mkono tu, akampigia binti yake simu. Alitaka aje aketi ili akaze, kisha waende pamoja kumzuru mama yake. Sabrina alimwambia aweke gunia la mahindi.

"Gunia halina mama aliyelala Kondoa," alisema Uwesu.

Gari lilisimama hivyo wiki tano. Halikuendeshwa, maana haliendesheki.

Sabrina alikuja Jumamosi moja ya Juni, kwenye upepo wa baridi na vumbi. Alisema shikamoo, akapewa marahaba, akaketi kiti cha abiria. Kiti cha dereva alipewa Matonya, ambaye ni mwembamba, akapakatishwa boksi la spana kufidia kilo za Uwesu. "Shikamoo ya pili iwe yangu," Matonya alimtania. "Leo mimi ndiye baba yako." Hakuna aliyecheka.

Sabrina anasema alisikia spana, halafu ukimya, halafu sauti kutoka chini ya miguu yake. "Asubuhi ile nilikuwa na muda wa kutosha. Sikuwa na moyo wa kumwona mama yako akishushwa. Nikaona afadhali nichelewe kwa ajili ya kazi." Matonya aligeuka kutazama dirishani. Spana ikaendelea.

Uwesu alipotoka alijifuta mikono, akauliza kama waondoke. "Nilikuja kukaa, Baba," alisema Sabrina. "Sikuja kusafiri." Akashuka, akarudi Haneti.

Jumatatu yake Uwesu alikwenda Kondoa peke yake. Shaaban alimwona ameketi ndani ya gari nje ya makaburi, tangu adhuhuri hadi alasiri. Kisha akashuka, akang'oa majani kaburini, akarudi Ihumwa. Baada ya siku kumi na tisa alifariki.

Sabrina aliarifiwa alfajiri. Alikuja Ihumwa, akachukua ufunguo wa Carina, akakataa kusindikizwa, akaufuata mwili wa baba yake hadi Kondoa. Alifika kwa wakati.

Kwa mwalimu Sabrina, kwa mzee Shaaban na kwa mafundi wa Ihumwa, kituo hiki kinatoa pole. Hatutamhimiza msikilizaji yeyote asamehe; hiyo si kazi ya redio. Tunaomba tu kila mmoja amfikirie mtu aliyewahi kumwomba nusu saa, na jibu alilompa.

Tulimuuliza Sabrina kama angekubali safari ile, laiti angejua zimebaki wiki tatu.

"Nadhani ningekataa," alisema. "Lakini nisingeharakisha kushuka."